Chumvi, Shaba na Breki za Jang'ombe

Ukiuliza kwa nini fundi wa Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe wa Unguja, huitengeneza paipu ya breki kwa mkono wake badala ya kuinunua ikiwa tayari, jawabu la wengi ni neno moja: dhiki. Watakwambia kazi hii ilizaliwa katika miaka ya 1970, spea zilipokuwa hazionekani Unguja, watu wakajifunza kuungaunga, na mazoea yakabaki hata dhiki ilipoondoka. Maelezo haya yamerudiwa mpaka yamekaa mahali pa historia, na mimi nayapinga. Dhiki ilikuwepo kweli, na iliwafunza mafundi mambo mengi, mazuri na mabaya. Lakini siyo mama wa kazi hii, wala siyo inayoilisha hadi leo. Kilichoizaa ni vitu viwili vilivyokuwepo kabla gari ya kwanza haijashushwa bandarini: chumvi ya bahari, na bahari yenyewe inayokitenga kisiwa na viwanda. Tofauti ya maelezo haya mawili ina uzito. Ikiwa paipu ya mkono ni mtoto wa dhiki, basi ni aibu tunayoisubiri iishe. Ikiwa ni mtoto wa chumvi na umbali, basi ni ufundi halali wa kisiwa, na unadai malighafi yake, vipimo vyake na mafunzo yake.

Tuanze na kitu chenyewe. Breki ya gari ya leo haivutwi kwa waya wala haisukumwi kwa fimbo. Inasukumwa kwa mafuta. Dereva akikanyaga pedali, masta silinda huyabana mafuta yaliyomo ndani ya paipu nyembamba zinazopita chini ya gari mpaka kila gurudumu, na kwa kuwa kimiminika hakikubali kushindiliwa, ile nguvu ya mguu hufika kwenye silinda za magurudumu, ikasukuma breki shuu kwenye ngoma au pedi kwenye diski. Kanuni hiyo aliieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, muda mrefu kabla ya kuwepo gari la kuisimamisha. Paipu yenyewe ni nyembamba mno kwa kazi inayobebeshwa. Katika gari nyingi ndogo upana wake wa nje ni milimita 4.75 tu, na ukuta wake haufiki hata milimita moja. Ndani ya tundu hilo, dereva akifunga breki kwa ghafla, mkandamizo huweza kupita bar 100, yaani zaidi ya mara mia ya mkandamizo wa hewa tunayoivuta. Maji ya bomba la nyumbani hayafiki sehemu ya kumi ya hapo. Paipu hii ikipasuka, pedali huzama mpaka chini na gari huendelea na safari yake. Katika magari ya zamani, yaliyokuwa na mzunguko mmoja wa mafuta kwa magurudumu yote, tundu moja la sindano lilitosha kuzimaliza breki zote nne kwa pamoja. Kwa hiyo tunapozungumzia nani anaitengeneza paipu hii na kwa namna gani, tunazungumzia roho za watu.

Kazi ya gari ilikwenda Ng'ambo kwa sababu ya umbo la mji. Mji Mkongwe ulijengwa kwa kipimo cha miguu, punda na hamali. Vichochoro vyake vingi havipitishi gari, seuze kuiweka juu ya mawe na kulala chini yake. Ilipoingia reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney mwaka 1905, ilibidi ijipenyeze kando ya kuta za nyumba kabla ya kutoka mjini na kufuata mwambao kwa kilomita kama 11. Reli hiyo iliacha kuchukua abiria mwaka 1922, magari na barabara yalipokwisha kuipokonya kazi. Mwaka huo huo serikali ya himaya ya Kiingereza ilimleta msanifu Henry Vaughan Lanchester kuupima mji na kuupangia barabara, na mpango wake ukachapishwa mwaka 1923. Mdogo wa msanifu huyu, Frederick Lanchester, alikuwa mtengenezaji wa magari Uingereza, na ndiye aliyeandikisha breki ya diski mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba, nazo zililika upesi na kupiga kelele za kukera. Ni sadfa tu kwamba ndugu mmoja alihangaika na barabara za Unguja na mwingine na breki za shaba, lakini inatukumbusha kwamba hata walioanzisha teknolojia hii walikuwa wakibahatisha kwa madini waliyokuwa nayo. Gari, basi, zilipata makao palipokuwa na nafasi: Darajani, na kutoka hapo kuelekea mitaa ya Ng'ambo iliyokaa kwenye njia za kwenda shamba. Jang'ombe, kusini mashariki ya Mji Mkongwe, ni mmoja wa mitaa hiyo. Ni mtaa wa watu wa kazi za mikono, wenye viwanja vya kufanyia kazi na vijana wa kujifunza, karibu na mji kiasi cha mteja kuja kwa miguu na karibu na barabara kuu kiasi cha gari mbovu kusukumwa mpaka mlangoni.

Lakini gari za mwanzo hazikuwa na paipu ya breki hata moja. Ford Model T, iliyotengenezwa kwa mamilioni kati ya 1908 na 1927, ilisimama kwa mikanda na fimbo. Duesenberg wa Marekani walitoa gari ya kuuzwa yenye breki za mafuta kwa magurudumu yote manne mwaka 1921, Chrysler wakaifuata mwaka 1924 kwa bei ambayo watu wengi zaidi waliiweza, na Ford wenyewe walingoja mpaka magari yao ya mwaka 1939. Kwa muda wote huo wa mwanzo, fundi wa breki alikuwa ndugu wa mfua chuma. Fimbo ikipinda aliinyoosha, ikikatika aliiunga, uzi wa nati ukilika aliukata upya. Kosa la fimbo huonekana kwa macho. Breki za mafuta zikaja na elimu ya namna nyingine kabisa, elimu ya kuziba: kiungo kinaweza kuwa kizuri kwa macho na bado kikatoa jasho la mafuta tone moja kila mguu unapokanyaga. Sasa, je, elimu hiyo ilikuwa ngeni kabisa Unguja? Sidhani. Mji huu ulikuwa na wafua shaba waliotengeneza na kukarabati madele ya kahawa na masinia, wakayatia bati ndani. Mfua shaba anajua jambo ambalo mfua chuma halimsumbui sana: shaba ikigongwa na kupindwa hugumika, na isiporudishwa motoni ikalainika, hupasuka mikononi. Anajua pia kwamba chombo cha majimaji hakihukumiwi kwa umbo bali kwa kujazwa na kutazamwa. Sisemi kwamba mfua madele aligeuka fundi breki. Nasema kwamba mji uliopokea paipu za shaba ulikuwa tayari unajua tabia ya shaba.

Lugha ya karakana inaunga mkono jambo hili. Breki, pedali, masta silinda, paipu, nati na niple ni maneno yaliyoshuka pamoja na gari. Lakini jiliwa la kubania, tupa ya kusugulia, shaba, bati na kutu ni maneno ya karakana za kabla ya gari. Sehemu za gari zina majina ya kigeni. Matendo ya mkono yana majina ya nyumbani. Fundi anakata, anasugua, anachanua mdomo, anapinda, anakaza, kisha anatoa upepo. Kazi iliyoletwa na dhiki ya miaka ya 1970 peke yake ingezaliwa na msamiati wake wa 1970. Hii imekaa juu ya msamiati wa zamani zaidi kama nyumba mpya juu ya msingi wa babu.

Chumvi inaingia pamoja na chuma laini cha kiwandani. Paipu za mwanzo nyingi zilikuwa za shaba tupu, na zikaonekana kuwa na udhaifu: shaba ikitikiswa mfululizo kwa miaka hugumika pole pole na kuchanika. Katika miaka ya 1920, huko Detroit, Harry Bundy alibuni paipu ya utepe wa chuma uliopakwa shaba, ukaviringishwa mara mbili na kupitishwa motoni mpaka tabaka zikashikana. Paipu hiyo ya kuta mbili ikawa kawaida ya viwanda vya dunia nzima, kwa sababu ni imara, ni rahisi kuitengeneza kwa wingi, na haichoki upesi kwa mtikisiko. Ina adui mmoja tu, naye ni kutu, na viwanda vikaipaka zinki na baadaye plastiki ili kumchelewesha. Kumchelewesha, siyo kumzuia. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi na upana usiofika 40, kwa hiyo hakuna kijiji kilicho mbali na bahari zaidi ya kilomita 20. Kaskazi ikivuma inaleta unyevu wa chumvi, kusi ikivuma inaleta wake. Gari za shamba zimebeba samaki na barafu inayoyeyuka, zimebeba mchanga, zimebeba chokaa na matumbawe, na tangu mwani ulipoanza kulimwa kibiashara mashariki ya kisiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, zimebeba magunia ya mwani uliokauka na chumvi yake yote. Maji yanayodondoka kutoka kwenye mizigo hiyo hupita ubaoni na kutua hasa pale paipu zilipo. Kutu haianzi katikati ya paipu iliyo wazi. Inaanza kwenye vibanio vinavyoishika paipu kwenye chesisi, ambapo mchanga na tope hukaa na kubaki na unyevu hata siku za jua kali. Fundi mzoefu anajua: akiletewa gari iliyopoteza breki, huanza kutafuta kwenye vibanio.

Ushahidi mzito kuliko wote kwangu unatoka nchi isiyo na dhiki na isiyofanana na Zanzibar kwa lolote. Sweden ni nchi tajiri, ina kiwanda chake cha magari, na spea zake zinapatikana. Lakini wakati wa baridi barabara zake humwagiwa chumvi ili theluji isigande, na chumvi hiyo ilikula paipu za chuma za magari yao kama bahari inavyokula zetu. Mwaka 1976 Volvo wakaanza kuweka paipu za mchanganyiko wa shaba na nikeli, shaba sehemu tisa na nikeli sehemu moja, pamoja na chuma na manganizi kidogo. Madini haya hayaliwi na chumvi kwa urahisi na ndiyo yale yale yanayotumika kwa mabomba ya maji ya bahari ndani ya meli. Yanastahimili mtikisiko kuliko shaba tupu, na yanapinda kwa mkono bila kukunjika. Huko Uingereza, ambako pia barabara humwagiwa chumvi, paipu iliyooza ni kasoro ya kawaida katika ukaguzi wa gari wa kila mwaka, na fundi wa gereji yenye lifti na kompyuta hafungui katalogi kuagiza paipu iliyokwisha pindwa kiwandani. Anachukua koili, anakata, anavisha nati, anachanua mdomo, anapinda kwa kufuata ile ya zamani, anafunga. Afanyavyo yeye ndivyo afanyavyo mwenzake wa Jang'ombe. Hakuna anayesema fundi wa Birmingham anafanya hivyo kwa sababu ya umasikini.

Mdomo wa paipu ndipo ufundi wote ulipo, na hapa inafaa tusimame kidogo. Paipu haifungwi kwa gundi wala kwa kuchomelewa. Mdomo wake huchanuliwa kama ua, ukakaa juu ya kikalio chenye umbo la koni, kisha nati iliyo nyuma yake inaukandamiza hapo mpaka chuma kikashikana na chuma. Kwanza paipu hukatwa kwa kikata paipu chenye gurudumu, kwa sababu msumeno huacha mdomo uliopinda na chembechembe ambazo zitasafiri na mafuta mpaka kwenye raba za silinda. Ukingo husuguliwa nje na ndani. Nati huvishwa kabla ya kuchanua, na hakuna fundi duniani ambaye hajawahi kuisahau akalazimika kuukata mdomo mzuri aliokwisha utengeneza. Kisha paipu hubanwa kwenye kibanio chenye matundu, ikaachwa ichomoze juu kwa kipimo maalumu, sawa na unene wa bega la kifungo kinachotumika kuikandamiza. Mkandamizo wa kwanza unaufanya mdomo uvimbe kama kitunguu. Kifungo kinaondolewa, na mkandamizo wa pili, wa koni, unaukunja mdomo ule kwa ndani juu ya wenyewe, ukabaki na kuta mbili zilizolaliana kwa mwinamo wa nyuzi 45. Kukunja huku mara mbili ndiko kunakotofautisha mdomo wa breki na mdomo wa friji. Fundi wa majokofu naye anachanua mdomo kwa chombo kinachofanana na hicho, lakini anachanua mara moja tu, kwa sababu gesi yake haimdai mkandamizo mkubwa kama wa breki. Mdomo wa mkunjo mmoja ukifungwa kwenye breki unaweza kukaa wiki, unaweza kukaa mwezi, kisha ukachanika siku ambayo dereva ameukanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Gari za Ulaya zina mtindo mwingine, mdomo wa povu, unaoishia kwenye ule uvimbe wa kwanza na kukaa kwenye kikalio cha umbo tofauti. Gari za Kijapani, ambazo ndizo nyingi barabarani Unguja, hutumia mkunjo wa mara mbili na nati za milimita 10. Anayechanganya mitindo hii miwili anafunga vitu visivyoelewana, na hata akikaza mpaka spana ipinde, mafuta yatatoka.

Sasa turudi kwenye dhiki, kwa sababu kuikanusha kabisa kungekuwa kosa jingine. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 biashara ya nje iliingia mikononi mwa serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uagizaji ulibanwa mno, hata chakula kikagawiwa kwa mgao, na aliyekuwa na gari alikuwa na mzigo wa kuitafutia roho kila siku. Miaka ile ilimfunza fundi kutotupa kitu. Paipu iliyooza sehemu moja ilikatwa, ikaungwa. Gari iliyokufa ilikuwa duka la spea la mtaa mzima. Huo ni ustadi, na hakuna haja ya kuudharau. Lakini miaka ile ile iliacha tabia ambazo bado zinaudhuru ufundi huu, na naona ni haki kuzitaja. Moja ni kutumia paipu laini za majokofu kama paipu za breki. Nyingine ni kuridhika na mkunjo mmoja kwa kuwa kifungo cha kukunjia mara mbili kimepotea. Ya tatu ni kujaza mafuta yoyote yaliyopo. Mafuta ya breki ya zamani yalitengenezwa kwa mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na kileo, kwa sababu mbarika haidhuru raba. Mafuta ya petroli kama oili ya injini hufanya raba zivimbe, zikang'ang'ania ndani ya silinda. Mafuta ya leo ya aina ya DOT 3 nayo yana hulka ya kunywa unyevu wa hewani. Yakiwa makavu huchemka kwa nyuzi 205, lakini yakishakunywa maji yanaweza kuchemka kwa 140 tu, na maji hayo huanza kuila paipu kwa ndani wakati chumvi inaila kwa nje. Katika hewa ya Unguja chupa iliyoachwa wazi haina maisha marefu. Dhiki, kwa ufupi, haikuizaa kazi hii. Iliikuta, ikainoa upande mmoja na kuitia pengo upande wa pili.

Hoja yangu inaweza kupimwa, na kipimo chake ni miaka iliyofuata 1984. Katika uongozi wa Ali Hassan Mwinyi Zanzibar ilianza kuilegeza biashara, na sera hiyo ikaendelea hata alipokwenda kuwa Rais wa Muungano mwishoni mwa 1985. Bidhaa zikaingia kutoka Dubai, kisha magari yaliyotumika kutoka Japani yakawa mengi. Kama kutengeneza paipu kwa mkono kulikuwa kazi ya ukosefu, hapo ndipo kungekufa, kama zilivyokufa kazi nyingine za dhiki: nani leo anachonga kiberiti upya au anaungia viatu matairi kwa kukosa duka? Kilichotokea ni kinyume. Spea zikajaa, na kazi ya paipu ikaongezeka, kwa sababu gari ziliongezeka na kila gari iliyoshuka meli ilianza kula chumvi siku hiyo hiyo. Nyingine zilishuka zikiwa zimekwisha kuliwa, kwani Japani nayo ina mikoa ya theluji na barabara zinazomwagiwa chumvi. Pedi, raba, silinda nzima na hozi vyote vilipatikana dukani kwenye boksi, na fundi akaacha kuvikarabati. Paipu peke yake ikabaki mkononi. Sababu ni ya kimaumbile. Paipu ya nyuma ya gari ina urefu wa mita kadhaa na mipindo mingi inayofuata chesisi ya gari ile na si nyingine; kuisafirisha ikiwa imekwisha pindwa kunataka boksi refu kuliko mtu, na ikikunjika njiani haifai tena. Koili ya shaba na nikeli ya mita saba na nusu inabebeka kwapani. Mahali penye bahari katikati, kisichokubali kupakiwa vizuri hutengenezwa pale pale kinapohitajika. Ndivyo zilivyojengwa bodi za mbao za daladala na gari za shamba, zikapandishwa juu ya chesisi zilizokuja tupu. Bodi na paipu ni ndugu: vyote viwili vina umbo kubwa, uzito mdogo na thamani inayotoka mkononi.

Anayenipinga kwa uzito zaidi si mwanahistoria, ni msafiri. Atasema: yote hayo ni sawa, lakini mimi ninayepanda gari ya Makunduchi au Nungwi sitaki breki zangu ziwe kazi ya mkono chini ya mwembe, nataka za kiwandani. Woga huu ni wa haki na sina nia ya kuupuuza. Wala haitoshi kumjibu kwamba kisiwa ni tambarare na hakina milima ya kuteremka, maana gari ya abiria Unguja husimama kila mita mia chache, katika barabara yenye watoto wa skuli, baiskeli, ng'ombe na magari ya punda. Jawabu ni kwamba anachokiogopa hakitokani na mkono. Paipu ya kiwandani iliyoachwa miaka kumi na tano chini ya gari iliyobeba mwani ni hatari kuliko paipu ya shaba na nikeli iliyochanuliwa mdomo sawasawa jana. Hatari iko kwenye madini yasiyofaa, mdomo wa mkunjo mmoja, na kazi isiyojaribiwa. Kazi nzuri inajulikana na inapimika. Mdomo hutazamwa kwa mwangaza: uwe umekaa katikati, usiwe na ufa, usiwe na ukingo uliolemea upande mmoja. Paipu ikishafungwa, mmoja hukaa kwenye usukani akapiga pedali na kuishikilia, mwengine akafungua niple kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mpaka mafuta yatoke bila povu. Kisha pedali hukanyagwa kwa nguvu na kushikiliwa, na kila kiungo kikapitishwa kidole kikavu. Hayo yote hayahitaji kiwanda. Yanahitaji mtu aliyefunzwa na asiyeharakishwa na dereva anayetaka kuwahi foleni.

Wengine watasema dawa ni ukaguzi. Zanzibar ina Taasisi ya Viwango, ZBS, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, na magari yanayoingizwa hukaguliwa ubora wake. Ni jambo jema, lakini ukaguzi wa kuingia huipiga gari picha ya siku moja. Chumvi haina siku moja. Gari iliyopita ikiwa safi itakuwa na paipu zilizobabuka ndani ya miaka michache, na siku hiyo atakayeikabili si mkaguzi wa bandarini bali fundi wa mtaani na kile kilichomo kwenye sanduku lake. Kama kuna mahali pa kuweka kiwango, ni hapo: koili zinazouzwa madukani zijulikane ni za madini gani, zile za majokofu ziuzwe kama za majokofu, na vifungo vya kukunjia mara mbili vipatikane kwa bei ambayo kijana anayeanza anaimudu. Nchi zilizokubali kwamba paipu itatengenezwa na fundi ndizo zilizoweka kanuni za madini na midomo. Sisi tumejifanya kwamba haitengenezwi, na kwa hiyo hatukuiwekea kanuni yoyote inayomfikia anayeitengeneza. Vyuo vya mafunzo ya amali vinaweza kuifundisha kazi hii kwa muda mfupi. Si somo la miaka. Lakini mwalimu anayeiona ni kiraka cha zama za shida ataipita haraka kwenda kwenye kompyuta ya injini, na mwanafunzi ataondoka akijua kusoma kosa la umeme bila kujua kwa nini mdomo hukunjwa mara mbili.

Imebaki hoja ya wale wanaosema kwamba gari mpya zitaimaliza kazi yenyewe. Wanaitaja ABS, wanaitaja gari za umeme. Lakini ABS haikupunguza paipu, imeziongeza: mafuta yanatoka masta silinda kwa paipu mbili, yanaingia kwenye kifaa cha ABS, yanatoka kwa paipu moja moja kwenda kila gurudumu, na kila mwanzo na kila mwisho wa paipu ni mdomo unaoweza kuvuja. Gari ya umeme nayo, hata kama mota yake inasaidia kupunguza mwendo, bado ina pedali, ina masta silinda na ina paipu zinazopita chini ya tumbo lake. Iko siku breki zitasukumwa na waya wa umeme peke yake, na viwanda vimekwisha kuanza kuzijaribu. Kabla ya siku hiyo gari itakayoteremshwa bandarini Malindi itakuwa na paipu, itakuwa na vibanio vya kuishika kwenye chesisi, na ndani ya kila kibanio, baada ya safari chache za Jambiani, mchanga utakuwa umekwisha kukaa, ukiwa na unyevu.